Bia chachu ya ngano: ya kwanza nilimwaga, ya pili ikakubali

Mi hii bia chachu ya ngano ya kule Berlin, Berliner Weisse, niliipenda siku ileile nilipoionja, nyepesi, ukali kama wa ndimu, alkoholi yenyewe asilimia 3 na kidogo tu. Nikasema lazima nitengeneze ya kwangu. Kupika bia za kawaida nilishazoea kwa hiyo nlijua hii nayo itakuwa hivohivo, kumbe hii mambo yake yote yako kwenye zile siku mbili za kuchachusha, huko kwingine ni kawaida tu.

Ya kwanza nilitumia njia ya kutupia konzi ya kimea kibichi kwenye maji ya kimea yakishapoa kidogo, maana kwenye maganda ya nafaka bakteria wa laktobasilasi, hao ndo wanaoleta uchachu, wapo wengi tu. Ni kweli wapo, ila hawako peke yao!! Nikafunika sufuria, nikaiacha jikoni siku tatu bila kuangalia joto, siku ya kufunua ikanipokea harufu ya matapishi, yaani matapishi kabisa. Ile ni asidi ya butiriki, kuna bakteria wengine waliingia na ile nafaka wakawahi kushika nafasi kabla laktobasilasi hawajakolea. Harufu ile hata uchemshe vipi haitoki yote. Lita 10 nikamwaga, na iliniuma sana.

Ya pili nikapanga upya. Kimea cha ngano gramu 750 na cha shayiri cha pilsna (kile cha rangi nyepesi) gramu 750, nusu kwa nusu, nikachanganya na maganda ya mpunga kidogo kwa sababu ngano haina ganda na ukichuja inaganda kama uji maji hayapiti. Nikaloweka kwa nyuzi 66 saa nzima, nikachuja, nikasuuza machicha, nikapata lita 10 na hidromita, kile kipimo cha sukari iliyomo kwenye maji, ikasoma 1.032. Nikachemsha dakika chache kuua kila kitu kilichokuwemo. Hopsi, yale maua machungu ya kutia kwenye bia, SIKUWEKA hata punje, hili wengi wanakosea, hopsi zinawazuia hao laktobasilasi kufanya kazi.

Sasa hapa ndo penyewe. Kabla ya kuweka bakteria nikatia asidi ya laktiki kidogokidogo, nakoroga napima, nakoroga napima, mpaka pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu umepanda) ikashuka kutoka 5.4 hadi 4.5. Kwenye 4.5 wale wa harufu mbaya wanashindwa kukua ila laktobasilasi wala hawajali, halafu inasaidia hata povu lisipotee haraka kwenye glasi. Nikapoza hadi nyuzi 35 nikatia Lactobacillus plantarum, aina mojawapo ya hao laktobasilasi, nilifungua vidonge vya probayotiki (bakteria wazuri wa tumbo) nikamwaga unga wake, angalia tu kwenye boksi isiwe imechanganywa na vitu vingine. Nikatandaza nailoni ya kufunikia chakula mpaka ikagusa maji yenyewe hewa isibaki, mfuniko juu, blanketi mbili, na kila baada ya saa kadhaa naangalia kipima joto, ikishuka chini ya 32 narudisha kwenye moto mdogo sana.

Baada ya saa 12 pH 4.1. Baada ya saa 24 ikawa 3.6, nikaonja kijiko, ukali safi kama maji ya mtindi, harufu hamna kabisa, kwa kweli nilifurahi mno. Baada ya saa 36 ikagonga 3.3 nikasimamisha hapo. (Sampuli ipoze kwanza ndo upime, na kipimo chako cha pH kisawazishwe kwa yale maji ya pH 4 na 7, la sivyo unasoma namba za uongo.)

Nikachemsha dakika 15 kuwaua wote ili wasije kubaki kwenye vyombo vyangu vya bia nyingine, hopsi kidogo sana hapo, nikapoza hadi nyuzi 19. Hamira sasa, kwenye uchachu ule hamira inateseka, kwa hiyo nilitia pakiti nzima ya gramu 11 ya hamira kavu ya eli (aina ya hamira ya bia) ambayo kawaida inatosha lita 20. Ilichelewa kuanza karibu siku mbili na nilishaanza kuogopa ila ikaamka, baada ya wiki mbili hidromita ikasoma 1.006 na haikushuka tena.

Kwenye chupa niliweka sukari gramu 7 kwa kila lita, na chupa nilichagua zile nene maana bia hii inataka gesi nyingi. Baada ya wiki tatu nikafungua ya kwanza, rangi ya majani makavu, povu jeupe, harufu ya mkate na ndimu. Wenyewe kule Berlin wengi wanaitilia sirapu, nyekundu ya rasiberi au ya kijani ya majani ya waldmeister, mmea wa kunukia, mi nilijaribu ya rasiberi glasi moja ikawa tamu sana kwangu, nimerudi kuinywa tupu ikiwa baridi, na chupa nne nimezificha nione zitakuwaje baada ya miezi mitatu.