Msalaba mwekundu kwenye jedwali la Mzee

Simu ililia Jumamosi saa tatu asubuhi, muda ambao duka la vifaa vya ujenzi limejaa mafundi mpaka barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Binti, hiki kidude chako kimechora msalaba mwekundu. Bei sizioni."

Programu yenyewe, ya kuonyesha bei za duka, niliiandika kwa lugha ya C# na Windows Forms, teknolojia ya kizamani ya kutengeneza madirisha na vitufe vya Windows, ambayo hadi leo inanilipia kodi ya nyumba. Kila mwezi Mzee huletewa na msambazaji faili la Excel lenye mistari kama 18,000: misumari, bati za geji 28 na 30, mabomba, koki. Anabonyeza "Pakia bei", basi. Toleo la kwanza lilisoma faili hilo palepale, ndani ya kazi ya kitufe. Dirisha likikaa sekunde 5 bila kuchukua ujumbe wowote, Windows hulipausha na kutangaza kwamba programu haijibu. Mzee akiona weupe ule alikuwa anazima swichi ya ukutani. Ndiyo, ya ukutani.

Nikahamishia usomaji kwenye uzi wa nyuma, yaani mkondo wa pili wa kazi unaoenda sambamba na uzi mkuu, ule unaochora dirisha na kupokea mibonyezo. (Wenzangu husema thredi, sina ugomvi nao.) Nilipojaribu kwenye laptopu yangu, ikasimama na kunikaripia: InvalidOperationException, yaani jedwali la bei kwenye dirisha limeguswa na uzi ambao haukuliumba. Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Upo mstari mmoja, Control.CheckForIllegalCrossThreadCalls = false, unaozima ukaguzi huo. Nikauweka, kelele zikaisha, nikaenda kunywa chai.

Tena, ukaguzi wenyewe kwa kawaida huwa umewashwa pale tu unapoendesha programu kwa F5 ndani ya Visual Studio, karakana yetu waandishi wa programu. Dukani kwa Mzee hakuna Visual Studio. Kwa hiyo hata nisingeuandika mstari ule, pale kaunta kosa lingepita kimyakimya vilevile. Laptopu yangu ndiyo ilikuwa mahali pekee pa kuonywa, na mimi nikaiziba mdomo.

Ule msalaba ni Windows Forms ikikata tamaa. Jedwali likipata hitilafu katikati ya kujichora, linaachwa boksi jeupe lenye mistari miwili myekundu, na kwa kawaida halirudi mpaka ufunge programu na kuifungua upya. Kwangu, uzi wa nyuma ulikuwa unaongeza mistari huku uzi mkuu ukiendelea kuchora.

Nilifika dukani, nikakaa kwenye ndoo ya rangi, na jibu nikaliona kabla sijafungua laptopu. Kijana wa stoo pale haruhusiwi kushika droo. Akiwa na jambo anaandika kikaratasi, anakichomeka kwenye msumari ulio kaunta, na mama wa kaunta anakichukua akishamaliza mteja. Kijana ni uzi wa nyuma, mama ni uzi mkuu, droo ni jedwali; na kuchomeka kikaratasi ndiyo amri ya BeginInvoke. Invoke ni kikaratasi hichohicho, ila kijana anasimama hapohapo mpaka kishughulikiwe.

Nilianza na Invoke. Kwenye kitufe cha "Funga" nilikuwa nimeweka Join, yaani uzi mkuu usubiri wa nyuma umalize kwanza. Mama anamngoja kijana, kijana anamngoja mama. Programu iliganda, Mzee akaitazama swichi ya ukutani, nikamwomba asiiguse.

Nikabadilisha kuwa BeginInvoke, kikaratasi kimoja kwa kila mstari. Vikaratasi 18,000 kwenye msumari mmoja! Uzi wa nyuma ulikuwa unavichomeka haraka kuliko jedwali lilivyoweza kuchora, na dirisha likawa zito kama mwanzo, safari hii kwa kufuata sheria zote.

Iliyokubali ni hii: Task.Run, amri ya kupeleka kazi kwenye uzi wa nyuma, inasoma faili, inakusanya mistari 500, ndipo inapita kwenye Progress<T>, tarishi wa kurudisha taarifa, kupeleka fungu zima mara moja. Progress hiyo iumbwe kwenye uzi mkuu, kabla ya kuingia Task.Run, kwa sababu inapoumbwa ndipo inaposhika anwani ya kurudishia majibu. Ukiiumbia ndani, itarudisha kwenye uzi wowote wa nyuma na msalaba utauona tena. Join nimeitupa: "Funga" sasa inatuma ishara ya kusitisha kwa CancellationToken, inasubiri kwa await, yaani bila kuugandisha uzi mkuu, na dirisha linafungwa kazi ikishasimama. Na ule mstari wa kuzima ukaguzi nimeufuta.

Mzee aliijaribu mbele yangu. Akaangalia hesabu pale chini: 500, 1,000, 1,500.

"Mbona inaruka kama chura? Haihesabu moja moja?"

"Inahesabu, mzee, ila inaleta kwa mafungu."

"Kama misumari," akasema, akageuka kumpimia fundi kilo mbili za inchi nne.