Nilivyovuna mahindi ya mlau huku viboko wakipita shambani

Sisi tunaolima mlau huku Rufiji, yaani kupanda kwenye tope mafuriko ya mto yakishashuka, nguruwe na nyani tumewazoea, unapiga debe unapiga kelele wanatimka, ila kiboko bwana ni habari nyingine kabisa. Tani moja na nusu hiyo na zaidi, usiku mmoja anaweza kula majani kama kilo 40, sasa huyo akikuta mahindi yako machanga we unadhani atahangaika na ukoka?

Mi nilianza kwa kusoma njia zao kabla sijapanda chochote. Kiboko ana barabara yake, jua likizama anatoka majini anapandia ukingo palepale alipopandia jana, na huwezi kuikosea maana ina mitaro miwili na katikati tuta la majani, miguu yake imeachana kama matairi ya trekta. Unyayo una vidole vinne. Alafu pembeni mavi yametapakaa mpaka juu ya vichaka, dume akikunya anayapiga na mkia yanaruka huku na huku, ndo alama zake hizo.

Basi ile njia nikaiacha wazi mpaka kwenye majani kule nyuma, nikalima pande zote mbili. Kandokando nikalaza magogo ya minazi, yanapita goti kidogo tu, watu wakacheka sana eti tembo wa majini azuiwe na kigogo. Lakini kiboko haruki jamani, miguu mifupi na tumbo liko chini, akikuta kizuizi ananyoosha na njia yake anaenda zake.

Usiku nakaa juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, namsikia anavyong'oa majani kwa midomo, yale meno marefu si ya kulia majani, ni ya kupigania tu. Na wala hacheui kama ng'ombe. Hapo hata ukibanwa na mkojo usishuke. Asubuhi pia mtoni usiende mpaka kupambazuke vizuri maana ndo wanarudi, ukisimama kati yake na maji umekwisha, mbio hazikusaidii, yule anakupita.

Walinila kipande cha mwisho tu upande wa mto ambako magogo hayakufika, kwingine kote nilivuna. Anayetaka kujaribu akakague njia maji yakishashuka tu, tope likiwa bado bichi, nyayo zinaonekana zote.