Hita ya Corolla yangu imerudi

Misimu miwili ya baridi hapa Njombe nimeendesha na koti na kitambaa cha kufutia kioo, kisa fundi mmoja wa Dar. Kabla sijapandisha mlima Kitonga mara ya kwanza aliniambia themostati, ile valvu inayozuia maji ya injini yasiende kwenye rejeta hadi yapate joto, ya nini, itoe, injini haitachemka tena. Akaitoa, nikalipa. Hadi leo inaniuma.

Hita ya gari hizi za zamani ni maji ya injini yenyewe. Wota pampu inayasukuma, mengine yanapita kwenye mpira mwembamba hadi kirejeta kidogo nyuma ya dashibodi, feni inapuliza hewa hapo, maji yanarudi. Ukiitoa themostati, mengi yanakimbilia rejeta kubwa tangu unapowasha, na kwa baridi ya Juni injini haipati joto lake. Ya kwangu inafunguka kwenye nyuzi 82. Sasa hita itoe joto wapi?

Nikanunua themostati nyingine, elfu ishirini na kitu hivi. Mshale wa joto ukapanda vizuri, ila ndani bado baridi. Nikashika ile mipira miwili inayoingia ndani ya gari: mmoja unaunguza, mwingine kama jiwe la mtoni. Koki ya kupitishia maji ya hita ilikuwa wazi. Basi kirejeta kimeziba, maana miaka yote gari limenyweshwa maji ya bomba.

Wakaniambia ng'oa dashibodi nzima. Sikung'oa! Nilichomoa mipira yote miwili, nikaunga hozipaipu kwenye ule wa kurudishia maji, ili yapite kinyume. Mwanzo yalidondoka matone tu. Nikafunga, nikafungua, nikafunga, nikafungua, karibu nusu saa. Mara ikatema tope jekundu na magamba ya kutu, ndoo ikachafuka yote. Nikaendelea hadi yakatoka meupe. Usifungulie kwa nguvu, kirejeta kizee kitapasuka na zulia litaloa.

Kisha nikajaza kulanti, kile kimiminika cha kupozea injini, si maji matupu tena. Ikibaki hewa, hita haipati kitu, kwa hiyo gari nililipandisha kwenye mwinuko, pua juu, nikafungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa bado baridi, hita nikaiweka kwenye joto la mwisho, ndipo nikawasha. Kila mapovu yakitoka, naongeza. Siku hita ikianza kupoa ghafla njiani, angalia maji kwanza, huenda yamepungua.

Jumapili asubuhi nilimpeleka mama kanisani. Hatujafika, akafungua kitenge alichojifunika, akakikunja mapajani. "Mwanangu, punguza kidogo."