Siku tatu kati ya pikipiki

Usiku wa kuamkia safari ya kwenda kwenye tamasha la pikipiki huwa silali vizuri. Alfajiri napima upepo matairi yakiwa bado baridi, maana yakishapata moto kipimo hupanda, kisha napaka cheni mafuta huku nikizungusha gurudumu la nyuma taratibu kwa mkono.

Watu huniuliza tunafanya nini huko siku tatu nzima. Tunapiga mahema, tunazunguka, tunaangalia pikipiki za wenzetu. Safari iliyopita nilichuchumaa karibu saa nzima kando ya mzee mmoja aliyekuwa akizibua kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, kwa uzi wa nailoni. “Waya usitumie, mwanangu,” aliniambia, “utapanua tundu.” Kidole gumba chake kilikuwa cheusi mpaka kwenye kucha. Kwangu, hiyo ndiyo sherehe yenyewe. Muziki wa usiku siufuati sana.

Tamasha la pikipiki la Sturgis, kule Marekani, hujaza watu tangu 1938. Mimi natamani zaidi tamasha la Elefantentreffen la Ujerumani, ambako waendeshaji hulala kwenye mahema katikati ya majira ya baridi. Nimeshaanza kutafuta glavu nzito.