Evo X, Golf R au STI: nilivyochagua gari la kunipandisha Kapchorwa

Kila nilipotaja kwamba natafuta gari dogo lenye tabo (turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini) na linalovuta kwa magurudumu yote manne, jibu lilikuwa lile lile: "Chukua Evo, Subaru injini zinakufa." Evo ni Mitsubishi Lancer Evolution, na Subaru waliyoisema ni WRX STI. Wengi waliosema hivyo hawajawahi kuona injini ya Subaru ikifunguliwa, na ukiwauliza Evo ya ngapi, wanababaika. Wengine walinipangia nguvu za farasi kama matokeo ya mpira. Ushauri wa namna hiyo ulinichosha, maana haukugusa kabisa kilichokuwa kinanisumbua: hili gari lililo mbele yangu, lenye chesisi namba hii, lina hali gani, na likilala Mbale usiku nani ataliamsha?

Mimi kazi yangu ni kliaringi, yaani kutoa mizigo forodhani, pale mpakani Malaba, na nyumbani kwetu ni Kapchorwa. Anayeijua barabara ya kutoka Mbale kupanda huko ataelewa nilichokuwa nakitafuta. Lami ni nzuri, lakini inapanda kona baada ya kona kupitia Sipi, unatoka mita 1,100 na ushee juu ya bahari hadi zaidi ya 1,800. Hewa huko juu ni nyepesi, na injini isiyo na tabo unaisikia ikikosa pumzi kwenye kilima ukiwa nyuma ya lori la mahindi. Halafu ukiacha lami kwenda kwa mama yangu kuna kipande cha udongo mwekundu, na mvua za Aprili zikishika, gari la magurudumu mawili linabaki chini barabarani. Kila mtu aliniambia ninunue Prado. Prado ni gari zuri, ila mimi napenda gari linaloingia kwenye kona na kutoka bila kuyumba, na sikuona sababu ya kuomba radhi kwa hilo.

Jambo la kwanza ambalo wazee wa Evo hawalisemi ni sheria. Tangu 2018 Uganda hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 15 tangu litengenezwe. Kwa hiyo ile Evo IX ya 2005 hadi 2007, yenye injini ya 4G63 wanayoisifu hadi machozi, haiwezi tena kupita mpakani. Zilizopo ni zile zilizokwisha ingia zamani, na nyingi zimeshaonja mashindano. Mimi nakaa mpakani, nimeona watu wakilipa gari Japani kisha wanaanza kuhesabu miaka meli ikiwa imeshang'oa nanga. Hesabu miaka kwanza.

Basi nikabaki na Evo X, Subaru WRX STI, na Volkswagen Golf R. GR Yaris ya 2020 niliitamani sana, silinda tatu, lita 1.6, farasi 272 kwenye gari lenye uzito wa kilo 1,280 hivi, lakini bei yake haikuwa ya mfuko wangu.

Na hapa niseme wazi kuhusu ubishi wa nguvu. STI ya Japani yenye injini ya EJ20 inatoa farasi 308. Evo X baada ya maboresho ya mwishoni mwa 2008 inatoa 300. Nguvu ya kuzungusha (toki) ya zote mbili ni Nm 422, sawa kabisa. Watu wanakesha wakibishana juu ya farasi 8! Tofauti iko chini ya gari, kwenye difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) na giaboksi, na huko ndiko pesa inakoenda.

Golf R nilianza nayo kwa sababu shemeji yangu aliisifu sana, na kweli ndani ni gari la heshima. Lakini mfumo wake wa kuvuta ni tofauti na wa hizo nyingine. Hauna difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Unatumia klachi ya Haldex iliyo nyuma, na klachi hiyo inabanwa na pampu ndogo ya oili. Kwenye Golf ya kizazi cha saba pampu hiyo ina kichujio kinachoziba kwa uchafu wa klachi yenyewe. Kikiziba, pampu inakufa, na gari linaendelea kutembea vizuri tu kwa magurudumu ya mbele. Mwenye gari anaweza kukaa mwaka bila kujua. Nilimwomba mwenye Golf niliyoiangalia tulipeleke gari lake kwenye kilima kifupi cha udongo uliolowa, nikasimama pembeni, yeye akaondoa gari taratibu. Magurudumu ya mbele yakazunguka na kurusha matope, ya nyuma yakabaki kimya kabisa. Alishuka akaniangalia, akasema, "Ndugu yangu, mimi nilinunua likiwa hivi." Nilimwamini. Oili ya Haldex inatakiwa ibadilishwe kila baada ya miaka mitatu hivi, na fundi aliyemhudumia hakujua hata kama ipo.

Evo X ilinisumbua moyo zaidi, kwa sababu ni gari ninalolipenda. Dalali mmoja Kampala alinionyesha ya rangi nyekundu, safi, viti vya Recaro havijachanika. Kabla sijaiwasha nikaona saa ya dashibodi inaonyesha saa isiyo yake na redio imesahau stesheni zote. Hiyo ni dalili kwamba betri imetoka kuondolewa, na mara nyingi betri inaondolewa ili makosa yaliyohifadhiwa yafutike. Sikusema kitu. Nikaomba tu tuendeshe mbali kidogo, nikalipa mwenyewe ile ada ya shilingi 5,000 ya barabara ya haraka ya Entebbe, tukaenda. Kwenda hakukuwa na neno. Tuliporudi, nilipokuwa nakata kona ya kutokea, onyo la mfumo wa magurudumu manne likajitokeza kwenye kioo cha dashibodi. Dalali akasema, "Hiyo ni sensa tu, mkubwa."

Haikuwa sensa. Evo X ina pampu ya umeme na oili inayobana difu ya katikati na ile ya nyuma, na waliounda gari wameiweka nyuma ya gurudumu la nyuma, mahali maji machafu yanaporuka. Inaota kutu, inapoteza presha, na gari linapoteza kile hasa kilichokufanya ulinunue. Nikapiga simu Kisekka, soko la spea la Kampala, kwa jamaa wawili wanaouza spea za Mitsubishi. Wote walisema lazima iagizwe kutoka nje, na bei waliyonitajia ilikuwa mamilioni kadhaa bila uhakika wa tarehe. Ongeza kwamba Evo nyingi zinazotoka Japani zina ile giaboksi ya klachi mbili, SST, isiyopenda joto wala oili ya kubahatisha. Nikaachana nayo. Anayeishi karibu na fundi anayeijua Evo hasa, na aipate yenye gia za mkono, ana gari kubwa mikononi. Fundi huyo Mbale hayupo.

Hapo ndipo nikaja kwa Subaru, gari lililotukanwa kuliko yote. Na ile ya kwanza niliyoiangalia ndiyo iliyonipa raha kuisimulia.

Ilikuwa STI ya buluu, imekaa kwenye gereji moja Ndeeba, Kampala. Injini ilikuwa inalia tamu, haina moshi, haina kugonga. Mwenyewe, kijana mwenye maneno mazuri, akaniambia kwa kujivuna kwamba jana tu amemwaga oili na kubadilisha filta ili mnunuzi apate gari likiwa tayari. Mtu akikubadilishia oili siku moja kabla ya wewe kuja, swali lako ni moja tu, na nililipeleka kwa fundi mwenyewe, mzee wa makamo.

"Hajji, shikamoo. Ile filta ya zamani mmeiweka wapi?"

"Marahaba. Iko kwenye pipa pale, na oili chafu."

Kijana akadakia kwamba zile ni za magari mengine. Hajji akamkatalia bila kuinua sauti: tangu juzi hawajagusa Subaru nyingine. Mwanafunzi wa gereji akazamisha mkono kwenye pipa, akatoa filta fupi nyeusi inayodondoka oili. Nikamwomba msumeno wa chuma, tukaikata mdomo kuzunguka, tukatoa karatasi yake ya ndani na kuikunjua yote juu ya gazeti, tukaimwagia petroli kidogo ili oili iondoke. Kwenye jua ikaanza kumetameta.

Kijana akacheka, akasema ni chuma cha msumeno. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, msumeno kweli unaacha unga. Nilikuwa nimekuja na sumaku niliyoing'oa kwenye spika mbovu, nimeifunga kwa kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Nikaipitisha juu ya ile karatasi polepole, mstari kwa mstari. Unga wa msumeno wote ukarukia sumaku. Nikaivuta kaveera pembeni, unga ukaanguka, nikapitisha tena mpaka hakuna kinachonyanyuka. Na bado karatasi ikawa inang'aa. Vipande vyembamba kama magamba ya samaki mdogo, na sumaku haivitaki kabisa. Hajji akachukua kimoja kwa ncha ya kidole, akakisugua, akakiangalia kwenye mwanga.

"Hii ni beringi ya konrodi," akasema. "Injini bado inaimba, lakini haitafika mbali."

Konrodi ni vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki, shafti kuu ya injini, na uso wa beringi zake ni wa metali laini ambayo sumaku haiishiki. Zikianza kumeguka, filta ndiyo inayojua kwanza, muda mrefu kabla ya sikio kusikia kugonga. Kijana alinishushia milioni 5 papo hapo. Kufungua injini ile na kusawazisha krenki kungekula zaidi ya hiyo, tena bila dhamana. Nikamnunulia yule mwanafunzi soda, nikamshukuru Hajji na kuchukua namba yake, maana fundi anayesema ukweli mbele ya mwenye gari ni mali.

STI niliyoinunua niliipata kwenye bondi moja (ghala la magari ambayo hayajalipiwa kodi) upande wa Nakawa, Kampala, hatchback ya 2012, ilikuwa haijasajiliwa. Waliniambia kuna yenye injini ya lita 2.5 na gia za otomatiki, eti kubwa ndiyo bora. Nilikataa. Ile ya 2.5 inajulikana kwa pistoni zake kupasuka sehemu ya ringi, na mimi natafuta kilima, sitafuti namba. Niliomba karatasi ya mnada wa Japani, nikalinganisha namba ya chesisi kwa macho yangu. Daraja lilikuwa 4, hakuna alama ya R, ambayo ni gari lililogongwa na kutengenezwa. Palipoandikwa W, yaani bati la bodi lililonyooshwa na kupakwa rangi, nikaenda kulitafuta hilo bati kwenye gari na nikalikuta lilipotajwa. Karatasi na gari vikikubaliana hata kwenye kasoro, unaanza kupumua.

Difu ya katikati ya STI unaweza kuipima ndani ya uwanja wa bondi, huhitaji barabara. Kuna swichi ya kuifunga. Niliifunga, nikakata usukani hadi mwisho, nikazunguka polepole kwenye changarawe. Gari linatakiwa likatae, ulihisi linajivuta na matairi yanaruka. Likazidi kukataa, vizuri. Nikaiachia, nikazunguka tena, likaenda laini. Likizunguka laini difu ikiwa imefungwa, basi difu imekufa. Usifanye hivyo kwenye lami kavu, na usifanye kwa muda mrefu.

Matairi yalikuwa ya aina mbili, mbele mapya na nyuma yamechakaa. Kwa gari la aina hii hilo si suala la urembo, maana tairi zenye kimo tofauti zinaifanya difu ifanye kazi kila sekunde hata kwenye barabara iliyonyooka. Nilitumia hoja hiyo kupunguziwa bei, kisha nikanunua manne kwa pamoja. Pia nilishuka kutoka rimu za inchi 18 kwenda 17 zenye tairi nene kidogo, kwa sababu ya matuta ya Iganga na ule udongo wa kwetu. Kabla hujalipia rimu za 17, ijaribu moja kwenye gurudumu la mbele. Breki za Brembo ni kubwa na si kila rimu inazipita.

Bei yote hadi namba kufungwa ilifika milioni 60 na kitu. Uliza mapema kama bei ya bondi ina kodi ndani, kwa sababu VAT peke yake ni asilimia 18, na gari lenye umri mkubwa lina kodi ya mazingira juu yake.

Natia petroli ya daraja la juu tu. Injini hii ilipangwa kwa petroli ya Japani, na ukiilisha ya chini huku unaikanyaga kilimani, unaisumbua mwenyewe kisha unailaumu Subaru. Oili naibadilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema, na kila filta inayotoka naikata na kuikunjua, sumaku mkononi. Mkanda wa taimingi tuliubadilisha na Hajji pamoja na pampu ya maji, bila kujali mita inasema nini, kwa kuwa ukikatika valvu zinapinda. Spea zote alizipata Kisekka kabla ya saa sita mchana.