Sitaki nataka, na kicheko cha ukumbi

Riwaya kuhusu ridhaa ya kimapenzi husomeka vizuri ukiwa peke yako kitandani. Kuigeuza iwe mchezo wa jukwaani, mbele ya watu mia tatu, ni kazi nyingine. Msomaji yuko ndani ya kichwa cha msichana, anajua hofu ilianza lini hata kama mdomo haukutamka kitu. Jukwaani kichwa hicho kimefungwa. Hadhira ya Kisumu inamwona mtu ameketi ukingoni mwa kitanda, kikombe mkononi, basi.

Tuanze na ukubwa. Riwaya ya maneno 80,000 haiingii jukwaani nzima. Mchezo wa dakika 90 hubeba takriban maneno 10,000 ukiacha nafasi ya kunyamaza, kwa hiyo sehemu saba kati ya nane zinatupwa. Wengi hubakisha usiku wa tukio lenyewe na kesi mahakamani, wakatupa siku za katikati: anapokwenda darasani kama kawaida, anapomjibu yule kijana wa usiku ule "poa" kwenye simu. Mimi ningekata kesi kabla ya kuigusa hiyo "poa". Wakili ataitumia baadaye, na kama hadhira haikuona kidole kikisita juu ya kioo cha simu, itamwamini wakili.

Halafu kuna kosa la kisheria linaloua mchezo kabla haujaanza. Vikundi vyetu vimezoea kuigiza setibuku, yaani vitabu vya fasihi vinavyotahiniwa shuleni, kwa wanafunzi wanaoletwa kwa basi, basi kuna kishawishi cha kumshusha mhusika kutoka chuo kikuu hadi kidato cha tatu ili watazamaji wajione. Ukifanya hivyo, swali lako limekwisha. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya Kenya ya 2006, kukubali kwa aliye chini ya miaka 18 si ridhaa. Hilo ni unajisi, na kwa msichana wa miaka 16 au 17 sheria inataja kifungo kisichopungua miaka 15. Huo ni mchezo halali na unahitajika, lakini ni mchezo mwingine. Ukitaka kuuliza "alikubali au hakukubali?", mhusika awe mtu mzima, tuseme wa mwaka wa pili, amekodi chumba nje ya chuo kule Maseno au Lurambi.

Kifungu cha 42 cha sheria hiyo kinamfaa mwandishi kuliko vitabu vingi vya uandishi. Mtu ameridhia akikubali kwa hiari, akiwa na uhuru na uwezo wa kuamua. Hiari, uhuru, uwezo: kila kimoja kinaweza kuonekana kwa macho. Uhuru ni mlango. Uko upande gani wa jukwaa, nani ameketi kati yake na msichana, ufunguo uko mfukoni mwa nani, matatu ya mwisho imeondoka saa ngapi? Uwezo ni vikombe. Kifungu cha 43 kinamtaja aliyelala, aliyezimia na aliyelewa, kwa hiyo acha hadhira ihesabu: cha kwanza amejimiminia mwenyewe, cha pili kamiminiwa na rafiki, cha tatu kakikuta kimejaa alipotoka msalani. Asiseme neno. Watu wa safu ya mbele wataanza kunong'onezana.

Sasa kicheko. Kiswahili kina msemo ulio tayari, "sitaki nataka", na siku utakapotamkwa jukwaani, ukumbi utaangua kicheko. Si ukatili. Wengine hucheka kwa aibu, wengine kwa kuutambua, na vijana hucheka kwa sababu wenzao wamecheka. Waelekezi wengi hukosea kwa kuufuta, au kwa kumfanya mwigizaji asimame na kuukazia ukumbi macho kama mwalimu wa zamu. Hapo ndipo hucheka zaidi. Njia inayofanya kazi ni kuwapa kicheko hicho mapema. Dakika ya kumi hivi, mgeni anamkatalia shangazi sahani ya pili ya wali, shangazi anaipakua tu huku akisema, "Huyu ni sitaki nataka." Wacheke washibe. Dakika ya hamsini, kijana anautumia msemo uleule, kwa sauti ileile ya utani, na msichana hacheki. Mwigizaji asingoje kicheko kiishe; aweke kikombe chini mara moja. Wachache watacheka, kisha watajisikia wakicheka.

Kikombe hicho kina sababu nyingine. Kumbi za kijamii, kama ule wa Mama Grace Onyango mjini Kisumu, hutumika kwa kila kitu kuanzia mikutano hadi harusi, na mchezo wa saa nane mchana katika ukumbi wenye madirisha mapana hauwezi kuzimiwa taa ukapata giza. Ukipanga tukio zito lifanyike "gizani", kila mtu ataona waigizaji wakijikokota kubadilisha viti. Kisha mvua ya alasiri ikipiga mabati, "hapana" ya kunong'ona haifiki hata safu ya tatu. Kataa kwa mwili: mkono unaondolewa begani, bega linageuka, miguu inarudi kwenye viatu.

Tukio lenyewe lisionyeshwe. Linaloonyeshwa kabla yake, yaani kila mguso, lipangwe kama hatua za ngoma. Waigizaji wawili wakae na mwelekezi, kila mmoja aseme wapi panagusika na wapi hapagusiki, na anaweza kubadilisha kauli hata asubuhi ya onyesho. Hesabuni: moja hadi nne mkono unafika begani, tano unasimama, sita unaondolewa. Msimamizi wa jukwaa aandike, kwa sababu wiki ya tatu mkono huanza kuteleza wenyewe, na mwenye kuteleza huapa kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote. Wekeni neno la kusimamisha, lisilo katika mchezo. "Hapana" halifai, kwa kuwa mhusika analisema. Rudieni hatua hizo polepole kila siku kabla ya milango kufunguliwa.

Ruhusa ya mwandishi au mchapishaji ipatikane kwa maandishi kabla ya sura ya kwanza kuguswa. Hakimiliki nchini Kenya hudumu miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi.

Vifaa vya jukwaani navyo hufundisha. Nguo ya ushahidi iingie kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni, maana nailoni hufungia unyevu na ushahidi huoza. Mhusika akienda hospitali, saa zitajwe sawasawa: dawa za kuzuia VVU ndani ya saa 72, za kuzuia mimba ndani ya saa 120. Mlangoni awepo mtu mtulivu anayejua kusikiliza, kwa sababu kuna atakayetoka katikati, na namba za msaada, 1195 (ukatili wa kijinsia) na 116 (watoto), ziandikwe kwenye karatasi ya programu. Maswali ya baada ya mchezo yaje kwa vikaratasi. Ukimpa mtu maikrofoni, huenda akasimulia jambo ambalo kesho atatamani angelinyamazia.

Anayecheza yule kijana asitoke nje na maleba yake. Kuna mama atamsubiri getini na mwavuli. Avue shati la mchezo, anawe uso, avae lake, arudi jukwaani taa zikiwa zimewaka na ataje jina lake na mtaa anaotoka.