Dhahabu ilikwenda na maji

Juzi usiku kitinda mimba wangu alikuwa akifanya kazi ya nyumbani ya somo la historia, kalala kifudifudi mkekani, daftari mbele yake. Swali liliuliza Kilwa ilitajirika kwa biashara gani. Akaandika dhahabu na pembe za ndovu, akaweka nukta, kisha akanigeukia.

"Baba, hiyo dhahabu sasa hivi iko wapi?"

Nikamwambia amalize kwanza, tutaongea. Akamaliza, akalala. Mimi ndiye niliyebaki macho mpaka saa saba. Swali lile nililiuliza na mimi nikiwa na umri kama wake, na jibu nilikutana nalo ana kwa ana siku moja ya Novemba 2018, mbali na Kilwa, nikiwa na miguu inayowaka moto.

Ile safari ya Ureno nimeshaisimulia sana, ila siku ya mwisho sijapata kuisema. Semina ilikuwa imekwisha, ndege ni ya alfajiri ya kesho yake, wenzangu wakaenda madukani. Mimi nikasema nitautembea mji wa Lisbon kwa miguu, peke yangu, bila ramani. Mji usioujua ukiupita ndani ya gari unakuwa umeona vioo tu.

Nilianzia Rossio, uwanja ambao sakafu yake yote ni mawe madogo meusi na meupe yaliyopangwa kwa mawimbi. Ukiyatazama kwa muda unahisi ardhi inakwenda mrama, na yakilowa yanateleza vibaya. Pembeni kulikuwa na mzee anachoma njugu kubwa za kahawia kwenye jiko lake la magurudumu, moshi mweupe umetanda barabara nzima. Nikasimama palepale. Ulikuwa moshi wa nyumbani msimu wa korosho, ule unaoingia mpaka kwenye nguo. Nikakumbuka kwamba mkorosho wenyewe ulifika pwani yetu kwa mkono wa Wareno, kutoka Brazil. Nikanunua za moto kwenye karatasi, nikala nikitembea.

Hatua chache kutoka hapo, mbele ya kanisa la São Domingos, nikakuta Waafrika wamejaa. Wazee wenye kofia wamesimama wakipiga soga, akina mama wamekaa na vikapu vya kola na tangawizi, wengi wao watu wa Guinea-Bissau. Sikuelewa hata neno moja, lakini mama mmoja aliniita kwa mkono, akanipa kipande cha kola, akakataa pesa. Hapohapo uwanjani pana jiwe la kumbukumbu la Wayahudi waliouawa mjini humo Aprili 1506. Mwaka huo ushikeni, mimi sikuushika wakati ule.

Nikashuka mitaa ya Baixa, imenyooka kama rula kwa sababu mji wa zamani ulianguka kwa tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 na huu ukajengwa upya juu ya kifusi. Nikanywa kahawa. Mhudumu akaniuliza kitu, nikasikia ndani yake neno *mesa*, naye anagonga meza kwa vidole. Meza! Tangu hapo nikawa nasoma vibao vya maduka, nikaona *bandeira*, nikaona *ananás*. Maneno haya niliyajua tangu shule kuwa yametoka kwao, lakini kulijua jambo ni kimoja, na kulisikia likitoka kwenye mdomo wa mtu anayekuletea kahawa ni kingine.

Basi nikashika njia ya mtoni, Tejo upande wa kushoto, mto mpana unaofanana na bahari, nikaelekea magharibi. Zaidi ya kilomita mbili hivi. Mvua ndiyo iliyobadilisha siku yangu. Ilishuka ghafla nikiwa mtaa wa Janelas Verdes, na mlango uliokuwa karibu ulikuwa wa makumbusho, yale ya taifa ya sanaa za kale. Nikalipa kiingilio, nikaingia nikiwa nachuruzika maji. Nilitaka mahali pa kukaa tu.

Nilipita vyumba vingi haraka. Picha za watakatifu, sahani za Kichina, viti vya kifalme. Kisha nikaingia chumba chenye mwanga hafifu, katikati pana kisanduku cha kioo, na ndani yake kitu kinawaka.

Kilikuwa chombo cha dhahabu kilichosimama kama mnara. Wakatoliki wanakiita monstransi, cha kuwekea hostia, mkate wao mtakatifu, watu waiabudu. Katikati yake pana bomba la kioo, na kulizunguka wamepiga magoti mitume kumi na wawili, kila mmoja na sura yake, mavazi yao yamepakwa rangi zilizochomewa juu ya dhahabu, buluu, nyekundu, kijani. Juu yao kuna nguzo na matao membamba kama miiba ya samaki. Ndani ya matao hayo ananing'inia njiwa mweupe, mdogo kuliko kidole gumba changu, ameachiwa acheze. Juu kabisa, Mungu Baba ameshika tufe. Mimi Mwislamu, na sanamu za namna ile hazimo katika ibada yangu, lakini nilizibiwa pumzi. Sijawahi kuona kazi ya mikono iliyotulia vile.

Ndipo nikasoma kibandiko. Custódia de Belém. Imetengenezwa na sonara Gil Vicente kwa amri ya mfalme Manuel wa Kwanza. Imekamilika 1506. Dhahabu yake ni ushuru wa mfalme wa Kilwa.

Nikasoma tena. Nikasoma mara ya tatu, kwa sauti.

Mlinzi wa chumba, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alinisikia akasogea. Nikajigusa kifuani nikamwambia, "Kilwa. Mimi. Kilwa." Alinitazama kidogo. Kisha akachuchumaa kwa shida, akanionyesha kwa kidole, bila kugusa kioo, ukingo wa chini kabisa wa kile chombo, palipozungukwa na maandishi ya kale. Nikachuchumaa kando yake. Kidole chake kikatembea polepole na kikasimama. Herufi tano. QILVA.

Nywele zilinisisimka. Nilikuwa nimezoea kuliona jina la kwetu kwenye vibao vya mabasi na kwenye magunia ya korosho. Hapa lilikuwa limeandikwa juu ya dhahabu, miaka mia tano na zaidi iliyopita, na mtu ambaye hakupata kuuona mnazi hata mmoja wa Kilwa. Yule mama alisema maneno fulani ya Kireno, kwa sauti ya chini, sikuyaelewa. Akainuka, akaenda chumba cha pili, akaniachia mahali.

Nilikaa pale karibu saa nzima.

Tulipokuwa watoto, likizo tulivuka kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani kwa bibi. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi maji yakiwa yamekupwa, tulikimbilia ufuoni chini ya Gereza, ile ngome ya kale, kutafuta dhahabu. Tulipata shanga, tulipata vigae vya vyombo vya Kichina vyenye maua ya buluu, mara moja binamu yangu alipata sarafu ndogo nyeusi ya shaba. Dhahabu hatukuona. Bibi alikuwa akitukemea tusichimbe karibu na makaburi ya watu. "Dhahabu ilikwenda na maji," alikuwa akisema. Nikimuuliza ilikwenda wapi, anajibu hilohilo, ilikwenda na maji, na anaendelea kupeta mchele wake.

Shuleni nilikuja kufundishwa yaliyobaki. Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi na merikebu zenye mizinga, akamtishia Amiri Ibrahim, mtawala wa Kilwa, kuuteketeza mji asipolipa. Zikatoka mithkali 1,500 za dhahabu, na mithkali moja ni zaidi kidogo ya gramu nne. Haikusaidia. Julai 1505 alikuja Mreno mwingine, Almeida, na kundi kubwa zaidi, akaushambulia mji na kuupora hivyohivyo. Haya nilikuwa nimeyaandika kwenye mitihani na kupata alama. Lakini mithkali kwenye karatasi hazina uso. Hizi zilikuwa na nyuso kumi na mbili, zimepiga magoti.

Nilitegemea hasira. Ilikuja, lakini haikuja peke yake. Nilichoona kwanza ni uzuri, na uzuri ule ulinitia uchungu kwa sababu sikuweza kuukataa. Halafu likaja jambo ambalo mpaka leo sijalimaliza. Nilikuwa nasema moyoni, yetu hii, yetu. Yetu kina nani? Dhahabu haichimbwi Kilwa. Ilichimbwa huko bara, nyanda za Zimbabwe, na watu ambao majina yao hayapo kwenye ukingo wowote. Ikateremshwa Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, ikapandishwa majahazini, na Kilwa ikapata utajiri kwa kuisimamia njia. Misikiti yetu, na kasri la Husuni Kubwa, ndivyo vilivyojengwa na faida ile. Mtu wa Sofala akisimama mahali niliposimama mimi, angesoma nini pale chini?

Mvua ilipokatika nikatoka bustanini, nyuma ya jengo, mahali unapoona bandari na meli. Nikampigia mjomba. Kwetu ilikuwa jioni, ametoka kuswali alasiri.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Uko wapi, mbona upepo?"

"Niko Lisbon. Mjomba, nimeiona dhahabu ya Kilwa."

Akanyamaza. Nikadhani simu imekatika.

"Ile aliyokuwa akiisema mama?"

"Ndiyo. Au sehemu yake."

"Kubwa?"

"Ukiisimamisha chini inafika pajani. Wameifanya chombo cha kanisa."

"Jina letu wameliandika?"

"Wameliandika."

"Basi hawakuficha." Akakaa kimya tena, nikawa nasikia kuku na mtu anakata kuni. "Na wewe umeiangalia tu?"

"Nimeiangalia tu, mjomba."

"Haya. Funga koti, kunaonekana kuna baridi huko."

Sikuwa na la kuongeza. Nilibaki na simu mkononi.

Niliendelea kwa miguu mpaka Belém, kilomita nyingine kadhaa kando ya reli, kwa sababu nilitaka kuona nyumba ambayo chombo kile kilitengenezewa. Ni monasteri ya Jerónimos, iliyoanzwa kujengwa 1501, na ndani ya kanisa lake ndimo lilimo kaburi la Vasco da Gama. Nilifika jua linazama, milango imefungwa. Nikatazama kuta zake nje, mawe yake yamechongwa kamba za meli na matumbawe, yamegeuka rangi ya asali kwa mwanga wa jioni. Ng'ambo ya barabara kuna mnara wa kuwakumbuka mabaharia wa Kireno, mita 52, na chini yake ramani ya dunia imelazwa sakafuni, watoto wanairukia bara kwa bara. Nikapanda treni nikarudi.

Picha niliyopiga siku ile ni moja tu, nayo ina ukungu. Simu ile iliharibika zamani. Bibi alikuwa ameshafariki mwaka mmoja kabla, na hilo ndilo linalonirudia zaidi ya yote, kwamba sikuwahi kumwambia maji yaliipeleka wapi. Sijui hata kama angetaka kuambiwa.

Jana jioni nilimwita binti yangu nikamsimulia, kwa kifupi. Alisikiliza huku akichokonoa kidonda cha goti. Alitaka kujua kama njiwa yule anaruka kweli. Alitaka kujua kama watairudisha, na wakiirudisha itawekwa Kilwa au Dar es Salaam, au itapelekwa kule ilikochimbwa. Nikamwambia sijui. Akaniuliza urefu wake hasa, nikamwambia sentimita 73.

Akaenda kuleta futi ya kushonea ya mama yake. Akapima kwenye ukuta wa sebuleni kuanzia sakafuni, akachora mstari kwa penseli, akasimama kando yake na kujilinganisha.

"Inanifika kiunoni," akasema, akaandika K pale juu ya mstari.